Mwaka Tuliojaribu Kamera Gizani

Tulimzika Anjelo mwezi uliopita, Mikumi, alasiri yenye upepo. Mwinjilisti aliposema mwenye neno la kumkumbuka marehemu asogee mbele, Mama Jeni, mjane wake, alinishika kiganja akaninong'oneza, "Tatu, ya ghalani usiyaseme hapa." Nikabaki nimekaa. Walisimama wengine wakaeleza habari za mzee mpole asiyeona, aliyeshinda kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka la mkewe kando ya barabara kuu, akiwatambua wateja kwa sauti na kwa kishindo cha viatu. Yote yalikuwa kweli, ila waliosimama walianza kumjua akiwa tayari hivyo. Mimi nilimjua akiwa mpiga picha, mwaka ule mmoja niliofanya kazi kwake Kilosa, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nilikula wali wa msiba chini ya turubai nikiyageuza ya ghalani kichwani, nikarudi nayo nyumbani, na tangu hapo usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu. Mama Jeni alisema nisiyaseme pale. Hakusema nisiyaandike.

Studio ya Anjelo ilikuwa chumba kimoja kirefu, si mbali na stesheni ya reli, chenye harufu ya wino wa printa na ya vitunguu vilivyokaangwa uani. Ukuta wa ndani kabisa ulichorwa maporomoko ya maji na ngazi nyeupe isiyokwenda popote, na mbele yake kila mtu wa Kilosa aliyeoa, aliyebatizwa au aliyemaliza darasa la saba aliwahi kusimama akiwa amekaza shingo. Mimi nilikaa kwenye kompyuta, nyuma ya pazia, nikisafisha sura za watu: natoa chunusi, nanyoosha kola, narudisha weupe wa macho. Saa saba Mama Jeni aliita, tukaketi mkekani uani, sisi watatu, kwa ugali na mlenda, au dagaa aliowapika na nyanya nyingi mpaka wakalainika. Anjelo alikula polepole, akipapasa ukingo wa bakuli kabla ya kutumbukiza tonge. Nilidhani ni adabu yake tu. Leo najiuliza nilikuwa naangalia nini, mimi niliyeajiriwa kuangalia.

Mwaka huo masika yalikuja kwa hasira. Mto ulifurika alfajiri moja, ukaingia kwenye mashamba na nyumba za bondeni, na watu kadhaa hawakupatikana. Wiki chache baadaye alikuja studio mama mmoja wa wale wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa, mrefu, mwenye mikono mikubwa, aliyekuwa akileta maziwa mjini kwa baiskeli kutoka upande wa Zombo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, akafungua pindo la khanga yake akatoa picha ya pasipoti iliyovimba kwa maji.

"Huyu ni binti yangu, Milembe," alisema. "Maji yalimchukua yeye na mtoto wake. Matanga tumeanua, lakini hatukupata cha kuzika. Nataka picha kubwa, ya ukutani."

"Pole sana, mama. Na mtoto, unayo picha yake?"

"Shija? Hakuwahi kupigwa. Alikuwa na miaka mitatu." Akaweka kidole juu ya ile picha. "Mfumbue macho kidogo, mwanangu. Alikuwa mtu wa kumwangalia mwenzake usoni."

Kazi ile ilinichukua siku mbili. Picha ya ukubwa wa kidole gumba ukiikuza kwenye kioo cha kompyuta inakuwa kama nchi. Unatembea ndani yake, unajua kila bonde. Nilijua kwamba jicho la kushoto la Milembe lililegea kidogo kuliko la kulia, kwamba kidevuni alikuwa na kovu la mviringo mfano wa punje ya mtama, kwamba sikio moja lilichomoza. Mama Milembe alipokuja kuichukua aliishika kwa mikono yote miwili, akaitazama muda mrefu, akasema, "Ndiye." Akaifunga kwa khanga mgongoni, kama anavyobebwa mtoto, akapanda baiskeli. Nilisimama mlangoni nikamtazama mpaka alipopotea, nikiwa na fahari ya kijinga ya mtu aliyefanya kazi nzuri.

Kamera ilikuja mwanzoni mwa kiangazi. Anjelo aliinunua kwa mtu Morogoro, nyeusi, nzito, na kwa mara ya kwanza nilimwona amefurahi kama kijana. Hoteli moja ndogo ya Mikumi ilitaka picha za tembo na nyati wakinywa maji bwawani wakati wa magharibi, bila taa ya kamera, maana taa huwashtua wanyama. Na meneja alitaka kwanza aone sampuli za picha zilizopigwa gizani. Anjelo alinieleza mambo ya ISO tukiwa tunakula makande. Ni namba, alisema, unaipandisha, na kamera inaanza kuona mahali ambapo jicho limekata tamaa. Lakini kila unapoipandisha picha inaingia chenga, zile punjepunje za televisheni iliyokosa mawimbi. "Kwa hiyo tunatafuta namba ambayo tembo bado ni tembo," alisema, "hajawa chenga." Mama Jeni akacheka mpaka akapaliwa.

Mahali pa kujaribia alipachagua yeye: ghala la shamba la mkonge lililokufa zamani, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka mjini. Lilikuwa jengo la mawe lenye mlango mmoja na bati ambalo bado lilikuwa zima, na mchana kweupe ndani yake palikuwa kama saa moja jioni. Watu wa jirani hawakupapenda. Kijana mmoja aliyekuwa akikata majani njiani alituuliza tunakwenda wapi, tulipomwambia akasema siku hizi humo ndani mtu analia, yeye mwenyewe amesikia. "Popo hao," Anjelo akamjibu. Kijana akasema, "Sawa, mzee," kwa sauti ya mtu asiyetaka ubishi, akaendelea kukata majani akiwa ametupa mgongo.

Tulitundika turubai mlangoni kupunguza mwanga. Ndani palinuka vumbi la katani na kitu kingine, kama moshi wa jana. Katikati ya sakafu niliweka kigoda, juu yake chungu cheusi, kitambaa cheupe, kofia ya bluu ya Anjelo na mahindi mawili ya kuchemsha aliyotufungia Mama Jeni, ili tuone kamera inavyotenganisha rangi. Nyuma ya kigoda, mbali, kulikuwa na marobota ya katani yaliyooza, na nyuma ya marobota giza tupu. Kamera tuliifunga kwenye stendi. Kasi ya kupiga hatukuibadili, maana tembo hatakusubiri. Tulibadili namba ya ISO peke yake. Mia nane: klak. Elfu moja na mia sita: klak. Elfu tatu na mia mbili. Elfu sita na mia nne. Kila baada ya picha kioo cha kamera kiling'aa, kikaniziba macho, na nilipoinua uso giza lilikuwa zito kuliko mwanzo. Mara mbili nilidhani nimesikia mtu akimeza mate. Sikusema, nilikuwa na miaka ishirini na miwili na sikutaka kuitwa mwoga.

"Nisomee picha zimetoka vipi," alisema Anjelo.

"Si kioo hicho mbele yako?"

Alitoka nje kwenye jua, nami nikamfuata, tukakaa kwenye ngazi za mawe za mlangoni, nyuma yetu turubai tu. Hapo ndipo aliponiambia. Kwamba ni mwaka wa pili sasa; jua likielekea kuzama anaona kama anaangalia kwa tundu la bomba; daktari amemwambia ni presha ya macho na kilichokwenda hakirudi. Kwamba mwanga ukipungua hawezi kuona kioo, wala kidole chake, wala sura ya mkewe ng'ambo ya bakuli. "Mama Jeni hajui," alisema. "Hii kamera nilitaka inionee. Nipige tu, halafu kesho kukiwa na jua niangalie kulikuwa na nini." Tulirudi ndani, tukapiga ya elfu kumi na mbili na mia nane, na ya mwisho, elfu ishirini na tano na mia sita. Nilipokuwa nafungasha nikakuta hindi moja tu juu ya kigoda. "Panya," alisema Anjelo, na mimi nikaridhika, maana nilitaka sana kuridhika.

Studio nilimwaga picha kwenye kompyuta, Anjelo amesimama nyuma yangu ameegemea kiti. Ya kwanza ilikuwa nyeusi tii. Ya pili nyeusi, na kitambaa kikianza kutoka kama jino. Ya tatu chungu kikaonekana. Ya nne yote yakaonekana na marobota nyuma yake, na chenga zikaanza. Nikafungua ya tano. Nyuma ya marobota, kwenye pembe ambayo tulikaa nayo karibu saa nzima tukipiga picha kama tuko peke yetu, mtu alikuwa ameketi. Amekunja magoti, amejifunika kitu cheusi, anaiangalia kamera. Nikakuza. Nikakuza tena. Jicho la kushoto limelegea. Kidevuni, kati ya chenga, kitone cheupe mfano wa punje ya mtama.

"Mbona umenyamaza?" Anjelo aliuliza.

"Kuna mtu."

Alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Sioni kitu, Tatu. Ni chenga."

"Ni Milembe," nilisema. "Binti wa mama wa maziwa. Yule aliyekufa."

Mama Jeni aliingia akiwa na unga mikononi. Aliangalia mara moja tu, akarudi nyuma akaugonga ukuta wa maporomoko ya maji. Alisali kwa kunong'ona, halafu akasema, "Futa. Futa sasa hivi, usiingize watu hao nyumbani mwangu." Nilikuwa tayari kufuta. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Anjelo ndiye aliyenishika bega akasema tusubiri mpaka kesho. Usiku huo nililala kwa shangazi yangu huku taa ikiwaka, na kila nilipofumba macho niliuona ule uso, na jambo lililonitisha kuliko yote ni kwamba mimi ndiye niliyewahi kumfumbua macho.

Asubuhi niliwakuta wakibishana, na kwa kuwa pazia halizuii sauti nilisikia yote. Anjelo alisema mama wa maziwa atakuja Alhamisi, siku yake ya mjini, na ni haki yake aone. Mama Jeni alisema ukimwonyesha mama mtu aliyekwisha kumwanulia matanga, halafu iwe ni kivuli tu, utakuwa umemuua mara ya pili. Kisha nikasikia kiti kikiburutwa, na Mama Jeni akaniita kwa sauti tofauti, ile ya jikoni. "Tatu, hebu rudisha ile ya nne. Hesabu mahindi."

"Mawili."

"Ya tano?"

"Moja."

"Na mkono wake uko wapi huyo?"

Nilitazama. Mkono ulikuwa mdomoni, na shavu moja limetuna. Mama Jeni alijifuta unga kwenye khanga. "Maiti hali mahindi yangu," alisema. "Huyo mtoto ana njaa. Chukueni chakula mwende." Halafu akamgeukia mumewe, na nasikia mpaka leo jinsi alivyosema, bila kupandisha sauti: "Na wewe Baba Jeni, ukifika mlangoni mshike Tatu mkono. Unadhani sijui kwamba huoni?"

Tulifika ghalani saa sita, na jua lilikuwa la utosi. Nilibeba ugali na maharage kwenye bakuli lenye mfuniko. Hatukuondoa turubai, hatukuwasha tochi. Anjelo alisema mtu aliyejificha ukimmulika umemfukuza. Tulisimama kando ya kigoda tulichokiacha jana, yeye amenishika kiwiko, nami nimeubana mfuniko wa bakuli kwa kidole gumba.

"Milembe," Anjelo aliita. "Tumekuletea chakula."

Halafu sauti ikatoka nyuma ya marobota, kavu, kama ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi. "Wewe ndiye usiyeona."

Anjelo akajibu, kwa upole kabisa, "Ndiyo, mwanangu. Ndiye mimi."

"Basi njoo wewe. Huyo mwingine abaki hapo."

Akaniachia kiwiko akachukua bakuli, akaenda akipapasa marobota, mpaka nikampoteza. Nilisikia akiketi chini. Nilisikia mtu akila, haraka, akihema puani. Kisha wakaongea, na mimi nilisimama katikati ya giza lile nikasikia kila neno. Alisema maji yalipoingia alimshika Shija mkono, wakafika kwenye mti, na mti ukang'oka. Alisema mkono wa mtoto ulikuwa na utelezi, kama samaki. "Niliuachia," alisema. "Wanasema maji yamemchukua. Siyo maji. Ni mimi niliuachia." Alibebwa mpaka kwenye tope, akaamka, akatembea, akaingia humu, na tangu hapo hula mihogo na mahindi yaliyosazwa mashambani, kabla watu hawajaamka. Alikuwa amesikia habari za matanga kwa wapita njia. Alizisikiliza, alisema, akaona ni sawa. Ni bora mama aamini wamekwenda wote wawili kuliko amwone yeye amerudi mikono mitupu.

"Mama yako alileta picha yako studio," Anjelo alisema. "Alisema wewe ni mtu wa kumwangalia mwenzake usoni."

Hapo alilia. Na ule mlio ndio aliousikia yule kijana wa majani, mwembamba, unaoanzia chini na kupanda, na hata kwa kujua ni wa nani bado ulinisimamisha nywele.

Alhamisi tulimngoja Mama Milembe mlangoni. Anjelo hakumwonyesha picha. Alimketisha, akamwambia kwa maneno machache, na yule mama aliuliza swali moja tu: "Na mtoto?" Anjelo akatikisa kichwa. Mama Milembe akainuka, akasema twende. Pale ghalani hakuingia. Alisimama nje ya turubai akaanza kusema kwa Kisukuma, taratibu, maneno yale yale yakirudia, kama anayemwita ng'ombe aliyebaki nyuma jioni. Sijui alisema nini, sijawahi kuuliza. Kivuli cha ghala kilikuwa kimetufikia miguuni turubai liliposogea. Alitoka mwanamke mwembamba mno, nywele zimejaa nyuzi za katani, amejiziba macho kwa kiganja kwa ajili ya mwanga. Mama yake hakupiga kelele. Alivua khanga, akamfunika kichwa na uso wote, akamkumbatia hivyo hivyo kwa juu ya kitambaa, na ndani ya kitambaa nikasikia sauti ikisema, "Niliuachia mkono wake, mama," na mama akisema, kwa Kiswahili, labda ili na sisi tusikie, "Hata mimi ningeuachia. Hata mimi."

Mikumi tulikwenda mwezi uliofuata. Tulikaa kwenye baraza ya hoteli mpaka magharibi ilipoingia, na tembo walipokuja nilimwelekeza Anjelo kwa kunong'ona: kushoto kidogo, panda, hapo. Alibonyeza yeye. Elfu sita na mia nne ndiyo namba tuliyoichagua, na tembo walibaki kuwa tembo. Meneja alizipenda. Tulipokuwa tukifunga stendi Anjelo aliniwekea kamera mikononi akasema, "Mimi basi, Tatu," na ndiyo ikawa kazi yake ya mwisho. Kabla mwaka haujaisha studio ilifungwa, wakahamia Mikumi, Mama Jeni akafungua duka.

Lakini studio ilipokuwa bado wazi, wiki ya mwisho, Milembe alikuja. Alikuwa amenenepa kidogo, amesuka, anaangalia watu usoni kama mama yake alivyosema. Alisema wanahamia Malolo, kwa ndugu, mbali na mto. Alitaka aone picha iliyomfanya apatikane. Nilimfungulia ya tano. Alijitazama kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kupanga. Akauliza kama ipo nyingine. Nikafungua ya sita, ile ya elfu ishirini na tano na mia sita, ambayo ilikuwa imeharibika, chenga tupu, nyekundu na kijani, sura yake ikionekana kwa shida. Aliinama. Akanyoosha kidole akakiweka kwenye kioo, si juu yake mwenyewe, pembeni ya magoti yake, mahali penye weusi unaochemka.

"Shija huyu," alisema.

Nilitazama. Nilikuza, nikapunguza, nikatazama tena. Anjelo alikuwa ameketi karibu na mlango, mkongojo katikati ya miguu, na aligeuza uso upande wetu.

"Amekaa," Milembe alisema. "Ameegemea hapa. Nilikuwa namsikia, lakini sikuthubutu kuangalia." Akanigeukia. "Unamwona?"

Nilijua chenga ni nini. Nilikuwa nimefundishwa makande yakiwa mdomoni, na kwa mwaka mzima nilikuwa nimezifuta kwenye nyuso za watu. Palikuwa na kitu pale cha ukubwa wa mtoto, na hapakuwa na kitu. Mtoto ambaye hakuwahi kupigwa picha.

"Mchapie," alisema Anjelo kutoka mlangoni.

Nikawasha printa. Milembe alisimama kando yake mikono ikiwa tayari, na karatasi ilipoanza kutoka, mstari kwa mstari, aliipokea kwa viganja viwili kwa chini, kabla haijamalizika, ili isianguke.